Sista wa Chumba cha Mwisho

Kama una neno baya la kumsema Sista wa chumba cha mwisho, baiskeli yako peleka kwa fundi mwingine. Mafundi wapo, Korogwe hii haikosi mafundi. Mimi nimeshamrudishia mtu tairi lake halijazibwa nikamwambia sukuma mpaka kwenu, kwa sababu alikaa kwenye benchi langu hapa nje ya geti la hospitali, akasema yule mama anaua watu. Akaniuliza, "Kwani mama yako?" Nikamwambia si mama yangu, ndiyo maana nakufukuza tu. Angekuwa mama yangu ungeondoka huna meno.

Ngoja nikwambie mimi, maana wanaomsema hawakulala mle. Mimi nililala.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa baraza, ukishapita wodi ya wanaume. Mlangoni pameandikwa Wagonjwa Mahututi, lakini watu wanasema chumba cha mwisho. Wengine wana maana ya baraza. Wengine wana maana ile nyingine, na ukiwasikia wanavyolitamka unawajua. Mlango mmoja, vitanda vichache, mtungi wa hewa mmoja. Humo analetwa aliyenaswa mkono na mashine ya mkonge, mama aliyejifungua damu ikakataa kukata, mtoto wa malaria aliyegeuza macho. Wanaletwa wakiwa wameshachelewa, wamepita kwa mganga wa kienyeji, wamepita kwa shangazi, halafu wakifia mle watu wanasema ni chumba, ni nesi wake, Sista.

Mimi nilipelekwa na pepopunda. Njiti ya baiskeli yenye kutu ilinichoma unyayo, nikatia mafuta taa, nikaendelea na kazi, maana nilijiona mjanja. Siku zikapita, taya likabana. Mimi, mtu ambaye hata kusoma nilijifundisha kwa kubishana na magazeti ya kufungia vitumbua, mdomo ukagoma kufunguka. Nilikuwa nasikia kila kitu, nina majibu ya kila kitu, na hakuna lililoweza kutoka. Sitaki kueleza zaidi. Mtu akikufungia ndani ya nyumba unaweza kupiga mlango. Mimi nyumba yenyewe nilikuwa ni mimi.

Sasa pepopunda, kama hujui, adui yake ni kelele. Mlango ukibamizwa, sahani ikianguka, mwili wote unajikunja kama upinde, pumzi inakatika. Mwanga nao hivyohivyo. Kwa hiyo Sista akiwa na mgonjwa wa namna hiyo alikuwa anatundika mablanketi meusi madirishani, na mle ndani watu wote wananong'ona. Yeye mwenyewe anavua viatu. Daktari akija anavulishwa viatu. Alikuja ofisa mmoja wa kukagua usafi, kavaa buti, akasimamishwa mlangoni. "Vua, ndugu." Ofisa akasema yeye yuko kazini. Sista akamnong'oneza, "Na huyu yuko kazini, anapumua. Vua." Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka.

Uso wa Sista sikuujua siku zote hizo, kwa lile giza. Nilimjua kwa mnong'ono tu. Ananigeuza ubavu, ananilisha uji kwa mpira wa puani, ananifuta, na neno lake lilikuwa moja: "Kazi yako kupumua. Kazi nyingine zote zangu." Nilikuwa nataka kumwambia nimeelewa, usirudie. Akarudia siku zote.

Na akawa ananisimulia mambo yake. Siku moja akanambia kwa nini. "Korogwe nzima wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia. Huwezi kumwambia mtu." Akacheka kwa pua. Hapo ndipo nikajua habari ya Handeni.

Mama yake alikuwa huko. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, ni yeye Sista. Bibi alikuwa na shamba lake la mahindi na muhogo mbali porini, akiishi anavyotaka, mpaka ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini. Wakamtoa kule, wakampangia kiwanja kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Macho yalikuwa yameshaanza utando. Kule porini alikuwa anajua kila kisiki kwa mguu, hahitaji macho. Pale kijijini nyumba zote zimepangwa mstari, zote sawasawa, akitoka kuchota maji anaingia nyumba ya mtu. Sista alitaka ahamishiwe Handeni akakae naye, afanye kazi iwe zahanati, iwe kufagia, popote. Na kila akiomba jibu lilikuwa moja.

Nilipopona nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeshafungua benchi hapa getini, na kitoroli cha wagonjwa magurudumu yake yakianza kulia ndio naitwa kuyatia grisi, maana Sista hataki kitoroli kinacholia kiingie kwake. Nimelala chini ya kitoroli, naye amesimama barazani na Bwana Mganga, mkuu wa hospitali.

"Sista, nikikuachia wewe, mle ndani nimweke nani?"

"Mweke mwingine."

"Mwingine nani? Nitajie."

Sista akageukia mlango wa chumba.

"Hata jina moja huna," Bwana Mganga akasema. Si mtu mbaya, nitasema kweli, na yeye alikuwa anaonekana hajalala. "Fundisha mtu. Akiiva, wewe nenda."

Basi akafundisha. Unajua kilichotokea? Kila kijiji kipya kilitaka zahanati, kila zahanati ilitaka mtu, na watu walioiva wanapatikana wapi? Kwake. Anamchukua binti hajui hata kushika sindano, anamnoa, binti anaanza kusimama mwenyewe, inakuja gari kumbeba. Wengine walikimbia wenyewe. Mmoja alikaa mpaka alipofiwa mikononi na mgonjwa wa kwanza, mtoto, akaenda chooni, akatokea dirishani, hajaonekana tena. Sista alisema, "Nisingekuwa mnene ningepita dirisha hilohilo." Akarudi ndani.

Ukimkuta nje utadhani ni mtu mwingine. Yule anayetembea kama paka mle ndani, sokoni sauti yake unaisikia ukiwa stesheni. Alikuwa anagombana na nyanya, siyo na muuzaji, na nyanya zenyewe. "Wewe umeoza, na wewe umeoza, na mwenzako amekuficha." Hakuogopa maiti, aliogopa bata. Bata akikatiza njia anasimama mpaka apite, na ukicheka anakutukana Kizigua. Alikuwa anawafukuza wanaume wanaovuta sigara barazani, halafu mwenyewe ana ugoro wake ndani ya soksi, anajipakaza mdomoni kwa siri ambayo hospitali nzima inaijua. Sala zilikuwa zinampita kwa sababu hawezi kumwacha mgonjwa. Jioni anazilipa zote kwa mkupuo, anasema, "Mungu anaijua zamu yangu." Na hakuwahi kula chakula cha moto. Nyumba yake ilikuwa inatazamana na lile baraza, walioipanga walijua wanachofanya. Akishika tonge tu, mtu yuko mlangoni.

Hirizi alikuwa hazikatazi. Ndugu wakija nazo anawaambia, "Fungeni kwenye mguu wa kitanda. Na kitanda kinahitaji." Wazee wakawa wanampenda kwa hilo. Lakini akina mama wa sokoni walikuwa wanaficha watoto wao akipita. Nilimwona mmoja, muuza dagaa, anamvuta mtoto nyuma ya kanga. Nikamwendea.

"Mama, umeona nini? Simba?"

"Wewe fundi, hayakuhusu. Yule anafunga watu macho."

"Na wewe ukifa nani akufunge? Dagaa?"

Sista akanivuta shati. "Acha. Kila siku unanitafutia maadui, alionipa Mungu wananitosha."

Kuna siku walifanya mkutano wa wafanyakazi, amekuja kiongozi wa Chama. Akamsimamisha Sista mbele, akasema ndugu zangu, mama huyu ni mfano wa kujitolea, hajachukua likizo miaka mingapi, hajalalamika. Watu wakapiga makofi. Sista akasema, "Sikujitolea. Nilipangwa." Makofi yakafa. Kiongozi akacheka kama mtu aliyekanyaga kitu. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakuomba palepale, mbele ya watu, apewe Handeni yake. Akasema, "Wangepiga makofi tena."

Kisha akaja binti mmoja kutoka Mpale, kule milimani, kujifunza.

Huyu alikuwa tofauti. Mshambaa wa watu, mdogo wa mwili, mikono imetulia. Adabu, mpaka inachosha. Hakuweza kukuambia kwamba baiskeli yako imeibwa, angekuambia imetembea kidogo. Sista akampenda siku ya kwanza. Akamfundisha kunyonya makohozi kwa ile mashine ya kukanyaga, akamfundisha kumgeuza mwenye pepopunda asishtuke, akamfundisha kusikiliza pumzi huku anafanya kazi nyingine. Na safari hii Sista alikuwa mjanja, akamwomba Bwana Mganga ruhusa ya siku chache tu, siyo uhamisho. Aende akamwone mama, arudi. Bwana Mganga akakubali.

Asubuhi ile alipita hapa kwenye benchi kavaa gauni la maua. Sikuwahi kumwona na gauni. Kikapu kichwani, ndani kuna kanga mpya ya mama, sukari, sabuni. Nikamwambia, "Shikamoo Sista. Leo umekuwa msichana."

"Marahaba. Funga mdomo wako, ataingia nzi."

Akashuka Old Korogwe kupanda basi la Handeni. Nilifurahi kama ninayeenda mimi.

Mle ndani alikuwepo kijana mmoja mkata mkonge, ana pepopunda kama yangu, mbaya kuliko yangu. Ndugu zake walikuwa wametoka Mnyuzi, mama mtu na shangazi zake, wamekaa barazani na mikeka yao. Kijana alikuwa amesumbuka sana, na asubuhi hiyohiyo mwili ukalegea, akapata usingizi. Usingizi wa kweli, wa kwanza. Binti wa Mpale akafurahi. Akatoka nje, mama mtu akainuka, akamuuliza, "Mwanangu vipi?"

Binti, na ile adabu yake ya Mpale, akapiga goti kidogo mbele ya mkubwa, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Mshukuruni Mungu, mama. Sasa amepumzika."

Wewe unajua neno hilo tunalitumiaje. Na mtu kalisema kwa goti, kichwa kimeinama, mlangoni pa chumba cha mwisho. Mama mtu angeelewa nini?

Kilio nilikisikia mimi hapa getini. Walipiga yowe la mara moja, wote, wakaingia ndani kwa kishindo wakamrukie maiti wao. Na yeye alikuwa hai. Mwili ukajikunja, pumzi ikakatika, na kadiri binti alivyowasukuma watoke ndivyo walivyozidi kulia. Walimlilia mtu mzima mpaka akafa.

Gari la hospitali likamkuta Sista Old Korogwe, basi bado linapakia magunia. Hata mto halijavuka. Alishushwa na kikapu chake. Aliingia mle na gauni lile la maua, akakuta kazi ya kufanya imebaki moja, akaifanya. Binti alikuwa kwenye kona, amejikunyata, anasema, "Nilisema amepumzika. Nilikuwa na maana amelala, Sista. Nilikuwa na maana amelala."

Sista hakumgombeza. Mimi nilitaka amgombeze. Jioni alikuja kukaa kwenye benchi langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Mimi mle ndani nasema amelala, au nasema amekufa. Kila siku. Nilimfundisha vyote, hilo sikumwambia. Nilidhani anasikia."

Bwana Mganga naye alimwambia maneno mawili tu. "Umeona mwenyewe." Na kweli alikuwa ameona. Hakuomba tena. Huko mjini ndiyo wakapata la kusema, kwamba Sista alikimbia akamwacha mtoto wa watu afe. Meno ya watu niliyoyafuata kwa ajili ya neno hilo ni mengi.

Binti wa Mpale wakamhamisha. Na unadhani walimpeleka wapi? Zahanati mpya, Handeni, kijiji kilekile cha yule bibi. Siku ya kuondoka alikuja kuaga, hawezi kumtazama Sista usoni. Sista akamkabidhi kikapu, kanga na sukari bado zimo. "Nyumba ya mwisho mstari wa pili. Mpe. Mwambie nakuja."

Ikapita mvua, ikapita nyingine. Salamu zilikuwa zinakuja kwa wapiga debe na madereva. Mama mzima. Mama macho yamekwisha. Mama anauliza unakuja lini. Sista anarudisha jibu, nakuja. Mimi nilimwambia, "Toroka. Kuna baiskeli hapa, nikubebe mimi." Akasema, "Na yule wa kitanda cha dirishani atambeba nani?" Nikakasirika, nikamwambia wewe umefungwa na wewe mwenyewe unashika ufunguo. Alinitazama tu, nikaona nimesema upuuzi, maana ufunguo angekuwa nao angeshaondoka.

Sasa mwezi uliopita, mchana, likasimama hapa getini lori la mahindi kutoka Handeni. Nyuma, juu ya magunia, kakaa yule binti wa Mpale, amempakata bibi kizee aliyefungwa kanga. Nimonia. Nilimsikia anavyovuta pumzi kabla sijamwona vizuri. Tulimshusha mimi na utingo.

Walimwingiza wapi? Mahali ni pamoja tu, chumba cha mwisho.

Kesho yake Sista akaniita. "Nawa mikono, uje ukae na mgonjwa. Hana ndugu hapa."

"Ana wewe."

"Mimi niko kazini."

Ndani kulikuwa na mtoto wa pepopunda, kitanda cha pili, mama yake kakaa chini kashika neti. Kwa hiyo mablanketi meusi madirishani, watu wananong'ona, viatu nje. Nikakaa kwenye kigoda. Bibi alikuwa ameshikwa na homa, mdogo kama mtoto pale kitandani. Sista akaja, akamgeuza, akamfuta mdomo. Bibi akanong'ona, "Nesi. Mwanangu amefika?"

"Yuko njiani, mama."

Nilisimama nikamfuata barazani. Damu ilikuwa inanichemka. "Kwa nini humwambii ni wewe?"

"Nilimwambia jana." Alikuwa anasuuza kitambaa, hanitazami. "Nilimwambia, mama, ni mimi. Akaniambia, nesi, usinidanganye. Mwanangu hawezi kuwa Korogwe hapa miaka yote hii asije kuniona."

Nikamshikia beseni.

Akamaliza kusuuza. Akatundika kitambaa. Kisha akavuka uwanja kwenda kwake, akarudi hana kofia, hana gauni jeupe, kajifunga kanga, nyingine kichwani. Akasimama kwenye mlango ule ambao sijawahi kumsikia akiubishia hodi.

"Hodi," akanong'ona.

Mama wa mtoto akainua kichwa. Mimi nikaitika, "Karibu," maana nani mwingine angeitika.

Akaja mpaka kitandani, akapiga magoti, akashika mkono. "Shikamoo, mama. Nimefika."

Bibi hakufumbua macho. Akaupapasa ule mkono, akaipapasa kanga. "Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

"Basi?"

"Basi, mama. Na barabara."

"Umekula?"

"Nimekula."

Bibi akavuta pumzi, ikakwama, ikapita. Niliona kidole cha Sista kinateleza kwenye mshipa wa mkono kuhesabu, akakirudisha. "Kuna nesi humu," bibi akasema. "Ananigeuza, ananiosha. Usiku na mchana ni yeye. Umshukuru."

"Nitamshukuru."

"Nenda sasa. Kabla hajaenda kwao."

"Haendi, mama," Sista akasema. "Yule yupo."

Wakazungumza. Sijui niite kuzungumza, neno moja, pumzi nyingi. Habari ya kisima. Habari ya jirani mwenye mbuzi. Sista amekaa chini miguu ameikunja upande kama mtu mgeni, na mimi nikawa naomba moyoni, tafadhali, nusu saa, hawa wengine wote wasiumwe nusu saa.

Aliona yeye kwanza. Mimi nilikuwa namtazama yeye, nikaona shingo yake inageuka. Kwenye kitanda cha pili vidole vya mguu vya yule mtoto vilikuwa vinaanza kunyooka na kukakamaa. Mama yake alikuwa bado hajajua.

Nikamwambia kwa midomo tu, kaa. Nikamwekea mkono begani, Mungu ananiona, nikambana. Kaa.

Akaanza kuutoa mkono wake taratibu. Bibi akaushika. "Unakwenda wapi tena?"

"Kumshukuru nesi, mama."

Bibi akamwachia. "Nenda. Usikawie."

Mkono ule ulibaki wazi juu ya shuka, nikautia wangu. Sista alikuwa ameshamwinamia mtoto, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani, anamnong'oneza mama wa mtoto amshike miguu, asilie, asilie. Sikuona zaidi ya mgongo wake.

Bibi akanibana vidole. "Umesharudi," akasema.

Nikamnong'oneza, "Nimerudi, mama."